Choo Kwanza, Kodi Baadaye: Nyumba ya Mtu Anayetoka Wodini na Kiti Mwendo Hapa Mwanza

Daktari akiandika ruhusa, ndugu hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Wamelala kwenye mabenchi, wamepanda na kushuka kilima cha hospitali ya Bugando na chupa za uji, wamekopa huku na huko. Kisha mgonjwa anafikishwa nyumbani, tuseme Mabatini au Igogo, na kati ya barabara na mlango kuna ngazi kumi na saba za mawe. Anabebwa mgongoni hadi ndani. Kuanzia siku hiyo, kila akitaka kutoka lazima watafutwe vijana wawili, na vijana nao wana mihangaiko yao. Miezi mitatu baadaye anarudi wodini na kidonda cha mgandamizo kilichofika mfupani, na majirani wanasema ugonjwa umemzidi. Wengi wa hao ugonjwa haukuwazidi. Waliletwa kwenye nyumba ambayo hawakuweza kuishi ndani yake.

Nawaandikia ndugu wa mgonjwa, wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, na wenye nyumba ambao siku moja watagongewa geti na familia ya namna hii. Namzungumzia mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, kwa kuanguka mwembeni au kwa kufukiwa machimboni, aliyepata kiharusi, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mahitaji yao hayafanani, ila kazi ya kuwatafutia nyumba ianze wakati mmoja: wiki ile ile daktari anaposema kiti mwendo kitatumika kwa muda mrefu. Mkisubiri karatasi ya ruhusa mtabaki na siku mbili, na kwa siku mbili mtu hupanga chochote alichoonyeshwa na dalali.

Maswali matatu kabla ya kumpigia dalali

La kwanza ni kiti. Kile anachosukumwa nacho wodini ni mali ya hospitali na kitabaki huko. Anachohitaji ni kiti kilichopimwa kwa mwili wake. Mwongozo wa viti mwendo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unaweka hatua nane, na kumpima mtu kunakuja kabla ya kuagiza kiti. Kwetu mara nyingi mambo huenda kinyume: kiti cha msaada kinakuja, anapewa aliye karibu. Siti ikiwa pana mno, mtu anaegemea upande mmoja na kidonda kinaanzia upande huo. Mafundi wanaosomea kazi hii hufundishwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo uliza kitengo cha fiziotherapia au cha viungo bandia kama yupo aliyepita huko. Kwa ardhi yetu chagua matairi ya upepo ya inchi 24 nyuma, maana fundi baiskeli yeyote wa mtaani ana tyubu na viraka vyake, na magurudumu ya mbele yawe mapana. Yale membamba magumu yanakwama kwenye kila jiwe.

Kiti kikishajulikana, pima upana wake wa nje, kutoka ukingo wa pete moja ya kusukumia hadi ya pili. Siti ya sentimita 42 kwa kawaida hufanya kiti chenye upana wa sm 62 hadi 68. Ongeza sm 5 kila upande kwa ajili ya vidole vyake, maana fremu ya mlango huchubua vidole, na kwa mwenye kisukari mchubuko wa kidole si jambo dogo. Namba utakayopata iandike nyuma ya simu. Nyumba zote utakazoonyeshwa zipimwe kwa namba hiyo.

La pili: anahamaje kutoka kitini kwenda kitandani? Peke yake, kwa ubao, kwa msaada wa mtu mmoja, au kwa kunyanyuliwa na wawili? Mtu wa kunyanyuliwa na wawili anahitaji nafasi ya watu wawili kusimama pembeni mwa kitanda, na chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kabati na kitanda cha futi tano kwa sita hakina nafasi hiyo. Ubao wa kuhamia seremala yeyote anautengeneza: urefu sm 70, upana sm 25, unene milimita 18 hadi 20, kingo zilalishwe na kupigwa msasa mpaka zisikwaruze, kisha vanishi. Mbao laini zisitumike, zinapinda katikati na mtu anateleza. Mkabidhi akiwa bado wodini, afanye mazoezi mbele ya mtaalamu.

La tatu watu huona aibu kuliuliza, na ndilo lenye uzito kuliko yote: haja kubwa na ndogo anazimudu vipi? Ana mpira wa mkojo? Anahitaji kukaa chooni dakika arobaini kila asubuhi? Jibu la swali hili ndilo linalochagua nyumba. Chumba kizuri chenye marumaru na dari ya jipsamu, kama choo hakifikiki, mtu huyo atajisaidia kwenye ndoo chumbani kwake kwa miaka. Ndiyo maana nasema choo kikaguliwe kabla ya kuulizia kodi.

Choo

Vyoo vingi vya nyumba za kupanga mjini ni vya kuchuchumaa, viko nje, na vinatumiwa na familia nne au tano. Kuna jambo la Mwanza hapa ambalo mgeni halijui: mwamba uko karibu sana na uso wa ardhi, na kwa wanaokaa karibu na ziwa maji ya chini nayo yako karibu, kwa hiyo shimo halichimbwi kwenda chini sana. Linajengwa kwenda juu. Choo kinakaa juu ya ngazi tatu, nne, hata tano. Hiyo ni mita nzima ya kupanda, na mteremko salama wa kupanda mita moja unahitaji urefu wa mita 12 bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Uani hamna mita 12. Choo cha namna hiyo kiache na utafute nyumba nyingine; usimwache fundi akushawishi kwamba atakilazimisha.

Choo kinachofaa kiko usawa mmoja na sehemu anayoishi, au kinapishana nayo kwa sm 15 tu. Kipimo kizuri ni nafasi ya sm 150 kwa 150 ili kiti kigeuke, pamoja na sm 80 hadi 90 pembeni mwa bakuli ili kiti kisimame ubavuni na mtu ahame. Choo cha ndani cha kawaida ni sm 100 kwa 120, na hapo kiti hakigeuki. Lakini usikate tamaa kabla ya kufanya jaribio hili. Chukua chaki, nenda chumba cha fiziotherapia, chora sakafuni choo kile kile kwa vipimo vyake halisi: kuta, mlango, mahali bakuli lilipo. Weka kiti cha kawaida mahali pa bakuli. Mwambie mhusika aingie. Utaona kama anaingia kwa uso au anarudi kinyumenyume, goti linagonga wapi, mkono wenye nguvu uko upande wa ukuta au upande mtupu. Aliyepooza upande wa kushoto kwa kiharusi anahitaji chuma cha kushika kuumeni kwake, na chaki itakuonyesha kama kuumeni kuna ukuta au kuna uwazi. Jaribio linachukua nusu saa na linaokoa kodi ya miezi sita.

Choo kikiwa cha kuchuchumaa lakini usawa ni mzuri, mchomelee kiti cha tundu. Tumia bomba la chuma la inchi moja, siti iwe na kimo sawa na siti ya kiti mwendo ikiwa na mto wake, kwa kawaida sm 48 hadi 50. Miguu iachane sm 45 kwa ndani ili ikalie pande mbili za sinki la kuchuchumaa, na chini ya kila mguu pigwe kipande cha raba ya tairi kuukuu kisiteleze. Tundu liwe na upana wa sm 20 na urefu wa sm 26 hivi, na upande wa mbele au ubavuni liachwe wazi, kwa sababu sisi tunatawaza kwa maji na mkono wenye kopo lazima upite. Viti vya kuletwa kutoka nje mara nyingi vina duara lililofungwa pande zote, na watu huviacha kwa sababu hiyo moja bila kuieleza. Juu ya siti weka sifongo ngumu ya sm 5 iliyoshonewa ngozi isiyopitisha maji. Asiyehisi makalio akikaa dakika arobaini juu ya chuma kitupu, anaamka na jeraha.

Kuna watu hukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Kwa mtu mwenye nguvu za miguu, kwa wiki mbili, sawa. Kwa aliyepooza, hapana: siti ikikatwa katikati miguu ya plastiki inaanza kufunguka kwa nje, na siku itakapovunjika atakuwa peke yake.

Chuma cha kushikia ukutani kiwe cha inchi moja au moja na robo, kimo cha sm 70 hadi 75 kutoka sakafuni, urefu usipungue sm 60, na kati ya chuma na ukuta vidole vipite, sm 4 au 5. Kinachoharibika hapa ni ufungaji. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizolainika au bloku zenye mchanga mwingi haushiki bolti za kutanuka. Zinang'oka na plasta yake. Toboa ukuta hadi upande wa pili, pitisha bolti ndefu, nyuma weka bati nene la sm 10 kwa 10, kaza nati. Kabla mhusika hajakishika, mwanamume mzima aning'inie kwa uzito wake wote.

Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani ya choo kidogo, mwili wake unauzuia mlango unaofunguka kwa ndani, na kumtoa mpaka muuvunje. Komeo liwe la kufungulika kwa nje kwa sarafu au kisu. Vitambaa vya kufutia miguu na vijikapeti viondoke kabisa.

Mlima hauhongwi

Kuna familia zinasisitiza mgonjwa arudi kwenye nyumba yake ya mlimani kwa sababu ni yake, hakuna kodi. Naielewa sababu hiyo. Lakini pima kwanza tofauti ya kimo kati ya mahali bajaji inapofika na kizingiti cha mlango. Ikiwa ni mita moja na nusu, mteremko wa kawaida unataka mita 18, na kila mita tisa kituo cha kupumzikia cha mita moja na nusu. Eneo hilo ni la jirani, au ni jabali. Ni bora nyumba ya mlimani ipangishwe kwa mwingine na kodi yake ilipe chumba cha tambarare. Angalia upande wa Buzuruga, Nyakato na Igoma kando ya barabara ya Musoma, au Buhongwa kwenye barabara ya Shinyanga. Huko viwanja vingi vimelala. Barabara za mawe ya kupangwa zilizojengwa vilimani zimewasaidia sana waendao kwa miguu na bodaboda, ila kwa kiti mwendo zinatikisa mgongo, na zikilowa mteremkoni breki za kiti hazitoshi.

Karibu na nini? Kituo cha afya kinachoweza kusafisha kidonda na kubadilisha mpira wa mkojo, sio lazima hospitali kubwa. Maji ya bomba uani. Fundi baiskeli. Na mahali ambapo mtu anaweza kukaa nje akaona watu wakipita, akauza vocha au akashona viatu. Msimtafutie chumba cha uani nyuma, mbali na macho ya wageni. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu linafanywa na watu wanaompenda.

Mteremko wa mlangoni

Kibaraza cha kawaida kina kimo cha sm 30, ngazi mbili. Uwiano ni moja kwa kumi na mbili: kila sm 1 ya kimo, sm 12 za urefu. Kwa hiyo sm 30 zinataka mita 3.6. Kwa kimo kisichozidi sm 15 unaweza kushuka hadi moja kwa kumi. Fundi akikadiria kwa macho atakujengea mita moja na nusu, na mteremko utaonekana mzuri. Mtu atakapoupanda, uzito wake utarudi nyuma ya mhimili wa matairi na kiti kitapinduka kinyumenyume, kisogo kwenye saruji.

Namna ya kumkagua fundi ni rahisi. Chukua ubao ulionyooka wa sm 120, ulalishe kwenye mteremko, ncha ya juu iguse sakafu, inua ncha ya chini mpaka pimamaji ikae katikati. Pima uwazi chini ya ncha hiyo. Ukiwa sm 10, mteremko ni sahihi. Ukiwa sm 20, mwambie abomoe kabla saruji haijakauka.

Vifaa kwa mteremko huo wa mita 3.6 wenye upana wa mita moja: ndani jaza mawe na moramu, mali ambayo Mwanza haijawahi kukosa, ushindilie kwa tabaka za sm 15 huku ukimwagia maji. Juu yake zege ya sm 10. Hiyo ni mita za ujazo 0.36, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne inakula mifuko miwili na nusu ya saruji ya kilo 50. Kila mfuko mmoja unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20, na maji ndoo moja na kidogo. Yakizidi, zege inakuwa rahisi kumwaga na dhaifu kuikanyaga. Nunua mifuko minne, inayobaki ni ya kuta za pembeni na kingo. Kingo hizo ziinuke sm 7 hadi 10 pande zote mbili, ndizo zinazozuia gurudumu la mbele lisitoke nje. Juu, mbele ya mlango, acha sehemu iliyolala ya sm 150 kwa 150. Bila hiyo mtu anafungua kufuli huku kiti kinamrudisha nyuma.

Usikubali ipigwe niru. Fundi wetu wanapenda sakafu inayong'aa, ni fahari ya kazi yao, lakini mteremko unaong'aa siku ya mvua ni utelezi. Zege ikianza kushika, pitisha ufagio wa chelewa kwa kukata njia, mistari ibaki. Imwagilie maji siku saba, asubuhi na jioni, na kiti kisipite kabla ya hapo.

Makosa mawili yanaonekana tu baada ya masika. Moja, mteremko umeziba njia ya maji ya uani, maji yanachimba chini yake mpaka unabaki kama daraja lisilo na nguzo. Pitisha bomba la plastiki la inchi nne chini yake kabla ya kujaza mawe. La pili liko chini kabisa, mteremko unapogusa ardhi. Fundi huimalizia zege kwa ulimi mwembamba, ulimi unamegeka, inabaki ngazi ya sm 2 au 3. Itazame kwa karibu: gurudumu la mbele linaigonga, kiti kinasimama ghafla, mtu anaendelea. Dawa yake ni kuchimba mwisho wa mteremko sm 15 ardhini, zege iingie humo ikiwa nene, na ardhi ishindiliwe usawa wake.

Mwenye nyumba akikataa zege, chomelea mteremko wa chuma wa vipande viwili vya sm 180, bati nene la vinundu la milimita 3 juu ya fremu ya mabomba ya mraba, upana sm 90. Kila kipande kitakuwa na kilo 50 hivi, watu wawili wanakibeba. Gharama ni kubwa kuliko zege, ila mkihama mnahama nao.

Milango niipitie haraka. Sm 80 za uwazi zinatosha ukiingia moja kwa moja, 90 kama unaingia kwa kukata kona kutoka korido nyembamba. Mlango ukipungukiwa kidogo, ng'oa ubao wake wote utundike pazia, utapata karibu sm 4. Kizingiti kisizidi sm 2. Na usisahau geti: ule mlango mdogo uliokatwa ndani ya geti kubwa una ukingo wa chuma chini wa sm 20 hadi 30, na nimeona watu wakihangaika na mteremko wa ndani wakati mtu hawezi hata kuingia uani. Muombe mchomeleaji aukate, au mhusika apewe ufunguo wa geti kubwa.

Kuzungumza na mwenye nyumba

Nendeni na mhusika mwenyewe kama anaweza, ama mwonyesheni kwa simu. Ni nyumba yake, yeye ndiye atakayelala humo.

"Shikamoo mama. Tumekipenda chumba, ila tunaomba ruhusa ya kupima, mpangaji atakuwa na kiti mwendo."

Atajibu marahaba, kisha atanyamaza kidogo. Hofu zake zinajulikana: kuta zitachubuliwa, choo kitachafuka wapangaji wengine walalamike, kodi haitalipwa, mtu atafia humo. Zijibuni moja moja bila kukasirika. Kuta zitapigwa rangi mkitoka. Ratiba ya choo itapangwa, yeye saa fulani asubuhi, na usafi wa choo siku hizo ni wa familia. Kodi italipwa na fulani, huyu hapa. Na kibaraza chenye mteremko kitamsaidia yeye mwenyewe magoti yatakapoanza kuuma.

Mkikubaliana, andikeni, na mpeleke kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mwenyekiti agonge muhuri. Karatasi itaje kazi zitakazofanyika kwa vipimo, nani analipa, kama gharama itakatwa kwenye kodi, kama mteremko utabaki au utabomolewa mkihama, na notisi ya miezi mingapi. Bila kipengele cha notisi mnaweza kujenga choo kwa hela zenu na kutolewa mwezi wa nne, choo kikapandishiwa kodi.

Pale pale mtaani ulizeni kamati ya watu wenye ulemavu; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaitaka iwepo. Tanzania pia iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 19 kinasema mtu ana haki ya kuchagua anaishi wapi na nani. Vyama vya watu wenye ulemavu kama CHAWATA, na shirikisho la SHIVYAWATA linaloviunganisha, vina watu waliokwisha kupita njia hii na wanajua nyumba zipi mtaani zinafikika. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu, ni wa biashara. Msiuhesabu kwenye ujenzi, ila unaweza kuja kusaidia kodi baadaye.

Ndani ya chumba

Kitanda kiwe na kimo sawa na kiti, sm 50 kufika juu ya godoro pale mtu anapokalia. Vitanda vyetu vya fundi ni virefu, kwa hiyo kateni miguu. Kikiwa kifupi, wekeni matofali ya mbao yenye shimo ili mguu usichomoke. Godoro la sifongo ngumu, la inchi nane kama hela ipo. Bonyeza kwa ngumi: ikigusa mbao, halifai. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku kucha, na ratiba ibandikwe ukutani yenye majina ya watu, maana kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Akiwa kitini, ainue makalio kila nusu saa. Chandarua kifungwe kwa kamba inayopita kwenye pete darini ili akishushe mwenyewe akiwa amelala. Swichi sm 90 hadi 120. Kile kifaa cha kuingizia namba za LUKU nacho kishushwe, asikae gizani akisubiri jirani arudi kazini. Jiko la mkaa lisiwekwe karibu na miguu isiyohisi, na sufuria ya moto isibebwe mapajani hata kwa hatua mbili.

Kwa wanaorudi visiwani na ufukweni

Anayekwenda Ukerewe akumbuke daraja la kupandia melini lina mwinuko na kizingiti. Fikeni mapema, aingie kabla ya msongamano, ashuke akiwa anatazama nyuma. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kukaa kwenye foleni ya kivuko saa nyingi juu ya siti ngumu. Hata hivyo mto wa kiti uende naye ndani ya gari, usifungwe na mizigo nyuma.

Mchanga wa ufukweni unameza magurudumu ya mbele. Njia ya mawe bapa au saruji, upana sm 90, kutoka mlangoni hadi chooni na hadi barabarani, ni lazima. Lakini kabla ya kutia hela, angalia nyumba iko umbali gani na maji. Sheria ya mazingira inazuia shughuli za makazi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu. Anayeweza kukimbia na godoro kichwani ana nafasi yake. Aliye kitini anabaki kusubiri wa kumbeba.

Baada ya kuhamia

Kama hospitali inakubali, aende nyumbani kwa siku moja kabla ya ruhusa kamili, alale usiku mmoja, arudi aseme. Usiku huo mmoja utafichua taa isiyofikika, kona inayobana, mlango unaogonga kiti.

Kisha rudini wiki ya pili na baada ya mvua kubwa ya kwanza. Tazameni makalio na visigino kwa mwanga wa mchana; wekundu au weusi usioondoka ukibonyezwa ni kidonda kinachoanza, na hapo mto au godoro ndilo la kubadilisha. Tikiseni vyuma vya chooni. Angalieni mwisho wa mteremko. Ulizeni ametoka nje ya geti mara ngapi wiki hiyo na nani alimsaidia. Na mkikuta ndoo imerudi chini ya kitanda, msimkemee. Kaeni naye chini, awaonyeshe hatua kwa hatua anapokwama njiani kwenda chooni, kisha mwiteni fundi aje na tepu yake.